Daktari Aliyekabidhiwa Wilaya

Daktari kijana wa Tanzania ya miaka ya 1970 au 1980 alimaliza utarajali, akasajiliwa, kisha akapokea barua ya kupangiwa kituo. Mara nyingi barua hiyo haikuishia kumpeleka wodini. Ilimfanya mganga mkuu wa wilaya, au msaidizi wa mganga mkuu ambaye naye alikuwa mbioni kuhama. Alikabidhiwa hospitali, zahanati ambazo nyingine hakujua njia ya kufikia, stoo ya dawa, gari moja la kusukuma, na watu laki moja au mbili ambao wengi wao hawangeonana naye maishani. Shuleni alikuwa amefundishwa kusikiliza kifua cha mgonjwa mmoja. Sasa aliulizwa kwenye kikao kwa nini surua inaua watoto wa tarafa nzima, na chanjo zimekwama wapi.

Ukiisoma historia ya elimu ya udaktari Afrika Mashariki ukiwa umesimama wilayani, na si katika hospitali kuu za Mulago wala Muhimbili, unaona jambo ambalo vitabu vya maadhimisho ya vyuo hulipita haraka. Kazi ya kuongoza afya ya umma ilitangulia. Shule zikaja nyuma yake zikiifuata, nyingine zikichelewa kwa miongo.

Daktari wa wodi, dresa wa kijiji: 1924–1961

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na miaka miwili baadaye mafunzo ya utabibu yakaanza, wodi za Mulago zikiwa ndizo darasa. Vijana walitoka Uganda kwanza, kisha Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Kwa muda mrefu hawakuitwa madaktari kamili. Walihitimu kuwa wasaidizi wa madaktari wa Kizungu, kwa mshahara mdogo na bila haki ya kufanya kazi peke yao. Basi vita yao ya kwanza ilikuwa ya heshima: kutambuliwa sawa na mhitimu wa Uingereza. Katika miaka ya 1950 walishinda, na walistahili kushinda.

Ila ushindi huo ulikuwa na gharama. Kipimo cha mhitimu bora kikawa uwezo wa kuingia wodi ya London asiwe mgeni. Mulago yenyewe ilikuwa inatoa sayansi ya kiwango cha dunia, kuanzia kazi ya Hugh Trowell juu ya kwashiokoo hadi uvimbe wa taya za watoto aliouchunguza Denis Burkitt. Hata hivyo kwashiokoo ndiyo iliyoonyesha ufa. Mtoto alilazwa, akanyweshwa maziwa, akanenepa, akarudishwa nyumbani kwenye chakula kilekile kilichomleta. Baada ya miezi alirudi, au hakurudi kabisa. Hakuna ukurasa wa kitabu cha tiba uliomweleza mwanafunzi afanye nini na shamba, bei ya maharage, na mimba iliyofuata upesi.

Huku vijijini mambo yalipangwa vingine. Mwaka 1926 mkuu wa idara ya tiba ya Tanganyika, John Shircore, alianzisha mpango wa madresa waliolipwa na serikali za wenyeji. Dresa alifunga vidonda, akagawa dawa chache alizopewa, na akawa anamjua kila mtu katika eneo lake: nani anakunywa maji ya bwawa, nyumba gani imezika watoto watatu. Hakuwa na cheo wala elimu ya kuyageuza anayoyajua kuwa hatua. Hapo ndipo mgawanyo ulipojengeka, mwenye elimu akikaa mbali na watu, aliye karibu na watu akikosa elimu na sauti. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, idadi inayotajwa ya madaktari Waafrika wa nchi nzima ni 12. Hata kama wote wangekuwa hodari kupindukia, nchi haingeweza kutibiwa na watu 12 mgonjwa mmoja mmoja.

Pholela, na mwanafunzi kutoka Marekani

Njia nyingine ilikuwa imeshajaribiwa kusini mwa bara. Mwaka 1940 Sidney na Emily Kark, mume na mke, wote madaktari, walifungua kituo cha afya Pholela, katika eneo la Wazulu huko Natal. Walihesabu kaya, wakachora ramani, wakaajiri wenyeji kuwatembelea watu majumbani, wakahimiza bustani za mboga mahali ambapo utapiamlo ulikuwa jambo la kawaida. Walipochunguza kaswende, hawakuishia kwenye sindano. Sidney Kark aliandika kwamba ugonjwa ule ulifuata njia ya reli: mfumo wa kazi za mkataba uliowapeleka wanaume migodini na mijini na kuwaacha wake zao kijijini. Daktari aliyetaka kuitibu kaswende ya Pholela alilazimika kuielewa migodi ya Johannesburg.

Tume ya serikali iliyoongozwa na Henry Gluckman ilipendekeza nchi nzima ijengewe vituo vya aina hiyo, na Durban ikapata taasisi ya kuwafundisha watumishi wake. Kisha chama cha Nationalist kikashika serikali mwaka 1948. Shule ya udaktari ya Durban kwa wanafunzi wasio Wazungu ilifunguliwa 1951, lakini mpango wa vituo vya afya ulinyimwa fedha na ukafa polepole. Akina Kark waliondoka Afrika Kusini mwaka 1958.

Kabla hawajaondoka, mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger, alifika mwaka 1957 na kukaa nao kwa miezi michache. Muongo mmoja baadaye, kituo alichokianzisha na wenzake Mound Bayou, Mississippi, kiliandikia chakula kama dawa kwa familia zenye njaa. Maduka ya jirani yalitoa vyakula, na malipo yakatoka kwenye fungu la dawa la kituo. Wakubwa waliokuwa wakitoa fedha walihoji. Jibu la Geiger lilikuwa kwamba tiba ya utapiamlo ni chakula. Naitaja habari hii, ijapokuwa Mississippi ni mbali, kwa sababu haikuhitaji profesa aliyebobea. Ilihitaji mwanafunzi apelekwe mahali panapostahili wakati bado akili yake haijafungwa.

Kasangati na Dar es Salaam: 1959–1968

Makerere nayo ilipata kiwanja chake mwishoni mwa miaka ya 1950, kituo cha afya cha kufundishia huko Kasangati, kwenye barabara ya Kampala kwenda Gayaza. Wanafunzi walitoka Mulago wakakutana na watu ambao hawakuwa wagonjwa, jambo ambalo kwa wengine lilikuwa geni. Watoto walipimwa uzito, nyumba zikatembelewa. Mwaka 1966 Maurice King alihariri kitabu kilichotokana na kongamano la Makerere kuhusu tiba katika nchi maskini, kikasomwa na madaktari wa wilaya kuanzia Lesotho hadi Papua. Hoja yake kubwa ilikuwa rahisi: mgonjwa atibiwe karibu na kwake iwezekanavyo, katika kituo kidogo na cha bei nafuu kinachoweza kumhudumia vizuri. Ushahidi ulitoka Mityana, Uganda, ambako mahudhurio ya hospitali yalipungua kwa takriban nusu kila maili 2 ulizokwenda mbali nayo. Anayekaa maili 8 kutoka hospitali, kwa hesabu hiyo, karibu hana hospitali.

Dar es Salaam haikungoja. Serikali ilifungua shule yake ya udaktari mwaka 1963 katika hospitali iliyokuwa ikiitwa Princess Margaret, ambayo sasa ni Muhimbili. Mwaka uliofuata timu iliyoongozwa na Richard Titmuss wa London ilitoa ripoti yake juu ya huduma za afya za Tanganyika. Ilishauri nchi ijenge mtandao wa vituo vya afya vijijini badala ya kumwaga fedha katika hospitali kubwa za mijini. Ushauri ulipokelewa kwa heshima, na hospitali za mijini zikaendelea kula sehemu kubwa ya bajeti.

Kilichobadilisha hewa hakikutoka wizara ya afya. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata. Swali la msomi anadaiwa nini na wakulima waliomlipia masomo likawa swali la kila siku. Shule ya udaktari ilipopandishwa kuwa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, ilizaliwa ndani ya mjadala huo.

1973

Mwaka 1973 mambo mawili yalitokea sambamba. Kundi la kwanza la shahada ya udaktari, lililoanza 1968, lilikuwa likimaliza Dar es Salaam. Na redioni ilianza kampeni ya Mtu ni Afya.

Watu takriban milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza, wakiwa na vijitabu na kiongozi wa kikundi, wakajadili malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Baada ya kipindi walitakiwa kufanya jambo: kuchimba choo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kuchemsha maji. Vyoo vilichimbwa kwa wingi ambao hakuna amri ya mkoloni iliyowahi kuufikia. Hadi leo sijui kazi nyingine ya afya ya umma nchini iliyowashirikisha wananchi wengi kiasi kile kwa wakati mmoja.

Na haikuongozwa na madaktari. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ndiyo iliyoipanga, pamoja na walimu, makada wa TANU na watu wa redio. Madaktari walisaidia yaliyomo yawe sahihi. Hili si la kuwalaumu. Walikuwa wachache, na foleni zilikuwa zikiwasubiri nje ya mlango. Lakini linaonyesha shule iliwatayarisha kwa lipi. Kitivo kilikuwa na idara ya afya ya jamii, na wanafunzi wa Muhimbili walipelekwa fildi, Bagamoyo ikiwa mojawapo ya vituo. Walirudi na ripoti. Kisha wakarudi wodini, ambako ndiko mitihani migumu ilikokuwa, na kila mwanafunzi hujua haraka somo lipi linafelisha. Kinga ni bora kuliko tiba, kila mtu alisema; ratiba ilisema vingine.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imeamua kwa dhati kujenga vijijini: zahanati moja kwa kila watu 10,000 hivi na kituo cha afya kwa kila 50,000. Majengo yakapanda, waganga wasaidizi wa vijijini wakafundishwa kwa wingi. Mtandao huo mzima ulihitaji mtu wa kuusimamia, kugawa dawa, kusoma takwimu, kusuluhisha ugomvi kati ya zahanati na serikali ya kijiji. Mtu huyo akawa ni yule kijana wa barua.

Kutoka Alma-Ata hadi Eldoret: 1978–1995

Septemba 1978 wajumbe wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, Kazakhstan ya Kisovieti, wakatangaza afya ya msingi kuwa njia ya kufikia afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Tanzania ilikwenda huko ikiwa na cha kuonyesha. Mwaka uliofuata vyuo kadhaa vya udaktari vilikutana Kingston, Jamaika, vikaunda mtandao wa shule zilizotaka mtaala wake uanzie kwa jamii. Gezira ya Sudan, Maastricht ya Uholanzi na McMaster ya Kanada zilikuwa mifano iliyotajwa sana.

Halafu fedha zikaisha. Mafuta yalipanda, vita ya Kagera ikala akiba, bei za kahawa na katani zikaanguka, na masharti ya wakopeshaji yakafuata. Zahanati zilizojengwa kwa shangwe zilikaa bila klorokwini. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera, na wodi ambazo zilikuwa zimejaa zikafurika. Katika miaka hiyo daktari wa wilaya aliongoza upungufu, na sanaa ya kugawa kisichotosha haikuwa kwenye silabasi yoyote.

Ajabu ni kwamba hatua kubwa ya elimu ilipigwa katika kipindi hichohicho cha dhiki, na ilipigwa nje ya shule kongwe. Mbarara, magharibi mwa Uganda, ilifungua chuo kikuu mwaka 1989, shule ya udaktari ikiwa imeelekezwa kwa jamii tangu mwanzo. Huko Eldoret, Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo cha sayansi za afya kilichoamua kutofuata njia ya Nairobi. Mwanafunzi wa Eldoret alijifunza kwa kutatua visa badala ya kumeza mihadhara, na kila mwaka alirudi kwa jamii akiwa na kazi nzito kuliko ya mwaka uliotangulia. Mwaka wa kwanza aliingia kuwajua watu na kituo chao. Wa pili alifanya uchunguzi wa hali ya jamii nzima, kama vile daktari anavyompima mgonjwa. Wa tatu aliandika mpango wa utafiti, wa nne akautekeleza. Mwaka wa mwisho aliambatana na uongozi wa afya wa wilaya, akaona bajeti, usafiri, malalamiko ya watumishi na ripoti zinazochelewa.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, shule iliifikia kazi kwa mara ya kwanza. Fildi ya Bagamoyo ilimpa mwanafunzi picha ya kijiji. Ngazi ya Eldoret ilimpa zoezi la kuamua, kukosea mbele ya mwalimu, na kurudi mwaka uliofuata kuona kilichotokea. Baadaye, UKIMWI ulipoitikisa Bonde la Ufa, Eldoret ilikuwa tayari na chuo, hospitali ya rufaa na ushirika wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Indiana, na kutokana na hayo ukakua mpango mkubwa wa matibabu uliofika hadi kupima watu nyumba kwa nyumba. Makerere yenyewe, mama wa shule zote za kanda, iligeuza mtaala wake kuelekea njia hiyo mwaka 2003.

Degedege za Rufiji: 1996–2004

Tanzania ilijifunza somo lake kubwa nje ya darasa, katika wilaya mbili. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 serikali ilihamishia mamlaka ya afya kwenye halmashauri. Katika Rufiji na Morogoro Vijijini, wizara pamoja na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada waliuliza swali moja: timu ya afya ya wilaya ikipewa takwimu sahihi za vifo vya watu wake, na nyongeza ndogo ya fedha, itapanga tofauti?

Takwimu zilipatikana kwa miguu. Wadadisi walizunguka kaya baada ya kaya wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Penye msiba walikaa na wafiwa na kuuliza dalili za mwisho za marehemu, kwa sababu wengi hufia nyumbani bila cheti. Majibu yalichorwa kuwa michoro ambayo mganga mkuu wa wilaya, muuguzi na diwani wote wangeweza kuisoma. Huko Morogoro michoro ilifichua kwamba malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, na ilipewa asilimia 5 ya bajeti. Hakuna aliyeiba. Bajeti ilikuwa inanakiliwa kutoka mwaka uliopita, ambao nao ulinakiliwa kutoka mwaka mwingine.

Rufiji ilivunja imani nyingine. Madaktari wengi waliamini watoto hufa kwa malaria kali kwa sababu wazazi, wakiona degedege, hukimbilia kwa mganga wa kienyeji. Ufuatiliaji wa vifo vya malaria ulionyesha kwamba karibu wanne kati ya watano walikuwa wametafuta kwanza tiba ya kisasa. Walikwenda zahanati, au walipata dawa za kizungu, na bado walikufa. Fikiria maana yake kwa mtu aliyezoea kulaumu ujinga wa wanakijiji: kasoro ilikuwa upande wetu wa kaunta, katika dawa iliyopoteza nguvu, katika dozi, katika kuchelewa, katika zahanati isiyo na kitu.

Timu zilibadili mipango. Ziliongeza fedha kwenye malaria na magonjwa ya watoto, zikawafundisha upya watumishi wa zahanati, wananchi wakakarabati majengo. Nyongeza yenyewe haikufikia dola moja kwa mtu kwa mwaka. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika wilaya hizo. Vyandarua na mambo mengine yalichangia, na haki ni kulisema hilo. Hata hivyo, hakuna hospitali mpya iliyohitajika, wala bingwa aliyeletwa kutoka Dar es Salaam. Walewale waliokuwa wakinakili bajeti walifundishwa kusoma wilaya yao.

Mtaala unawasili: 2007 hadi leo

Muhimbili, baada ya kuwa chuo kishiriki tangu 1991, ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilipitia upya mitaala yake, na kuanzia 2011 ikafundisha kwa kupima umahiri: mhitimu anaweza kufanya nini, si amekaa darasani saa ngapi. Uongozi, mawasiliano na uelewa wa mfumo wa afya viliingia kwenye orodha ya yanayotarajiwa kwa kila mhitimu, hata yule anayeota kuwa mpasuaji. Vyuo vingine vilikuwa vimeshaongezeka: KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Dodoma, na vya binafsi jijini Dar es Salaam. Madarasa ambayo zamani yalikuwa na makumi sasa yana mamia.

Hapo ndipo ugumu mpya ulipo. Wanafunzi kumi huingia kijiji kimoja na mjumbe akawajua kwa majina. Wanafunzi mia huhitaji mabasi, posho, malazi, na walimu walio tayari kulala mbali na kliniki zao za jioni. Kenya ilipozipa kaunti zake 47 mamlaka ya afya mwaka 2013, madaktari vijana walijikuta wakibishana na wabunge wa kaunti juu ya dawa na mishahara, mara nyingi bila mazoezi yoyote ya kusoma bajeti. Mgomo wa siku 100 ulioisha Machi 2017 ulikuwa sehemu ya shule hiyo ya ghafla.

Tanzania, kwa upande wake, ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Ni warithi wa dresa wa Shircore kwa namna moja, safari hii wakiwa na mafunzo yanayofanana na ripoti zinazopanda juu. Ripoti hizo zitaishia kwenye meza ya zahanati, kisha ya kituo, kisha ya mganga mkuu wa wilaya, ambaye siku hizi hutarajiwa kuwa na shahada ya pili ya afya ya jamii. Aliye chini yake, daktari wa mwaka wa kwanza kazini, ndiye atakayetumwa kuzikagua. Vyuoni, mwenzake wa mwaka wa tano amebakiwa na wiki chache za fildi, na tayari anahesabu siku za kurudi wodini kujiandaa kwa mtihani wa mwisho, ambao sehemu yake nzito hufanyikia kando ya kitanda cha mgonjwa mmoja.